Kinyesi ni cha Bure, Stima Siyo

Sisi tunaojenga mitambo ya biogesi, yaani gesi itokayo kwenye samadi, lalamiko tunalosikia ni lile lile: "Samadi ninayo zizini, shimo limeshachimbwa, mbona kuongeza stima kunagharimu hivi?" Tupige hesabu.

Ng'ombe wa maziwa anayelishwa zizini huacha kinyesi cha kilo 20 hivi kwa siku. Kilo 25 hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, nayo hiyo, ikipita kwenye jenereta ndogo, hukupa yuniti 1.5 za stima. Mwenye ng'ombe kumi ana yuniti 12 kwa siku. Mwenye wawili hafiki hata tatu. Huyo tunamshauri apikie tu, hata kama sisi tunakosa kazi.

Kilo 200 za kinyesi na lita 200 za maji kila siku, zikikaa siku 50, zinataka mtambo wa mita 20 za ujazo, nafasi ya gesi ikiwa kando. Kwenye baridi ya Kinangop siku huongezeka. Ukijenga nusu yake, samadi inatoka kabla haijaiva, na gesi uliyoilipia inaishia shambani.

Lakini panapowaponza wengi ni chujio la kusafisha gesi. Mteja hulifuta kwenye makadirio, akaunganisha jenereta ya petroli moja kwa moja. Gesi ya samadi ina salfa, ile inayonuka yai viza. Ikikutana na unyevu ndani ya injini inakuwa asidi: oili inaharibika mapema, beringi zinalika, na bomba la shaba halidumu. Chujio lenyewe ni pipa la vipande vya chuma vyenye kutu, pamoja na mtego wa maji sehemu ya chini kabisa ya bomba. Kutu ikishiba salfa uibadilishe, na uimwagie maji kabla ya kuitupa, maana ikipigwa na hewa hupata moto yenyewe. Kumbuka pia kwamba injini ya petroli ikila biogesi hupoteza karibu theluthi ya nguvu. Ya kilowati 3 ihesabu kuwa 2.

Mteja husema: "Basi niuze ziada kwa gridi." Bei maalumu ya serikali ya Kenya ya mwaka 2012 ya kununua stima ya biogesi, senti 10 za dola kwa yuniti, ilianzia mitambo ya kilowati 200. Hiyo ni saizi ya kina Gorge Farm pale Naivasha, wenye megawati 2 na ushee. Kwa mdogo kuna utaratibu wa kubadilishana yuniti uliotokana na Sheria ya Nishati ya 2019, ambapo unachorudisha huhesabiwa nusu. Wala usijilinganishe na Ulaya, ambako kiwanda hulipwa kupokea taka. Hapa samadi ya jirani utainunua, na usafiri juu yako.

Ndiyo maana tunapima kwa matumizi ya boma lako. Mashine ya kukata majani ya kilowati 2 kwa saa mbili, yuniti 4. Ya kukamulia ya kilowati 1 kwa saa tatu, yuniti 3. Kati ya zile 12, tano zinabakia taa na friji ya maziwa.