Dodoso si "tu"

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi bila kuandika neno, lakini taarifa yenu kuhusu viwango vya usalama wa kadi za malipo imenifika kooni. Mlisema mfanyabiashara mdogo anajaza dodoso tu, yaani maswali ya kujikagua kama anatimiza viwango hivyo. Hilo "tu" limenigharimu miezi saba.

Benki yangu ilinitumia dodoso D, refu kuliko yote, la mtu anayehifadhi namba za kadi kwenye mitambo yake. Mimi sihifadhi hata moja. Mteja akitaka kulipa, tovuti yangu inampeleka kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, na namba zake zinaishia huko. Langu lilikuwa A, fupi. Nilipiga simu mara nne kueleza hivyo, na kila mwezi wakanikata ada ya kutotimiza masharti, ada isiyoziba tundu lolote wala kumlinda mteja yeyote. Nikalipia pia uchunguzi wa tovuti wa kila miezi mitatu. Wa kwanza nikafeli kwa kasoro ya seva, kompyuta inayobeba tovuti, ambayo hata si yangu, ni ya kampuni ninayokodi kwake. Wao wakasema nisubiri. Benki haikusubiri, ilikata.

Viwango vyenyewe sivipingi. Kampuni tano za kadi ziliunda baraza la kuvisimamia mwaka 2006, na baada ya kampuni ya maduka ya Target ya Marekani kuibiwa taarifa za kadi milioni 40 mwaka 2013, nani atasema havihitajiki? Lakini mfanyabiashara wa daraja la juu, anayepitisha miamala zaidi ya milioni 6 kwa mwaka, ana kitengo kizima cha usalama. Sisi tuko wawili, mimi na mke wangu.

Halafu hao hao wa benki, katika simu ya tatu, wakanitaka nisome tarakimu tatu za nyuma ya kadi yangu ili wanitambue, kwenye simu waliyonitangazia kwamba inarekodiwa! Sisi wafanyabiashara viwango vinatukataza kabisa kuhifadhi tarakimu hizo muamala ukishaidhinishwa. Wao nani anawakata?

Ada hiyo iwekwe kando kwa jina la aliyekatwa, ilipie uchunguzi wake, na salio arudishiwe siku anapofaulu. Na benki, inayojua malipo yangu yanapita wapi, ichague dodoso sahihi kabla ya kulituma.

La mwaka huu limefika jana. Ni D tena.

Mwenye duka la mtandaoni