Heri ya Krismasi watani wetu wa ng'ambo, Nakonde mpaka Lusaka

Heri ya Krismasi jamani, na heri ya mwaka mpya 2025 unaobisha hodi. Salamu za kwanza leo siwapi watu wa nyumbani, nawapa nyie ndugu zetu Wazambia, maana mwaka huu mmeuvuka kwa tabu na si vizuri sisi tuchinje mbuzi tupike pilau huku bila hata kuwajulia hali. Poleni na ukame, poleni na mgao wa umeme. Huku Songwe, mpakani na kwenu, watu wako shambani wanapanda, tunawaombea na nyie mvua ya maana safari hii, bwawa lenu la umeme la Kariba nalo lijae.

Mwaka huu 2024 wote wawili tumegonga miaka 60. Sisi Muungano wetu tarehe 26 Aprili, nyie uhuru wenu tarehe 24 Oktoba, yaani ni rika moja kabisa. Na kwenye sherehe za marika kama hizi lazima jina la Mwalimu na la mzee Kaunda, rais wenu wa kwanza, na leso yake nyeupe yatajwe, hotuba zikatolewa, udugu wa damu, historia ya pamoja, ushirikiano wa kimkakati na nini na nini. Sawa. Ila mi huwa najiuliza, hivi tunakumbuka udugu ule ulikuwa na bei gani?

Maana wale wazee hawakuelewana kwa sababu ilikuwa rahisi. Ian Smith, kiongozi wa Wazungu walowezi, alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) Novemba 1965, Zambia haikuwa na bahari, shaba yake inapita kwa Smith, mafuta yanapita kwa Smith, na ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru, mtu mwingine angesema ngoja nikae kimya niuze shaba yangu nile na wanangu, lakini Kaunda hakukaa kimya, ikabidi mafuta mengine yaletwe kwa ndege na mengine kwa malori kutoka Dar, barabara yenyewe vumbi na matope kiasi kwamba madereva walioizoea waliiita njia ya jehanamu. Afu likaja bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, na mpaka leo linafanya kazi, siku hizi linapitisha dizeli. Januari 1973 Smith akafunga mpaka akidhani anamkomoa Kaunda, baada ya muda mfupi akaufungua mwenyewe, Kaunda akasema hapana, sasa mimi ndo sipiti. Hakupita mpaka Oktoba 1978. Miaka mitano na ushee nchi maskini imekataa njia yake ya karibu kwa ajili ya uhuru wa watu wengine! Hapo ndo naelewa kuwa na fikra moja maana yake nini.

Na reli yetu ya TAZARA je. Benki ya Dunia iliambiwa ikasema hailipi, nchi za Magharibi nazo zikapiga chenga, Mchina ndo akakubali, mkopo wa yuan milioni 988 bila riba, wakati huo Mchina mwenyewe njaa tupu. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, kazi ikaanza 1970 na 1976 ikakabidhiwa. Wachina waliofia kwenye ujenzi, zaidi ya 60, wengi wamelala makaburini kule Gongo la Mboto. Kuna kitu kimoja wengi hawakijui, upana wa reli ile ni milimita 1,067, yaani kipimo cha Zambia na nchi za kusini, wakati reli yetu ya kati ni 1,000, kwa hiyo Tanzania ilikubali kujengewa kwenye ardhi yake reli isiyoingiliana na reli yake yenyewe ili mabehewa ya jirani yapite. Sijui leo kama tungekubali, tungeshaunda kamati.

Sasa niseme la moyoni kwani sikukuu ni ya ukweli pia. Reli ile tuligawana nusu kwa nusu, makao makuu Dar, bosi mkuu Mzambia na naibu wake Mtanzania, ikawa ya wote. Na cha wote kikiharibika kila mmoja anamsubiri mwenzake atoe hela kwanza! Ilijengwa ibebe tani milioni mbili kwa mwaka, ikashuka mpaka inabeba kiduchu, injini zimekaa hazina vipuri, na shaba ikahamia barabarani. Septemba mwaka huu Rais Samia na Rais Hichilema walikuwa Beijing, ikasainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua, Xi Jinping akishuhudia. Nimefurahi, simung'unyi maneno, lakini nilitamani siku moja tusikie hawa wawili wameifufua wakiwa Mbeya au Kasama kwa hela yao, hata kama ni kipande kidogo.

Turudi kwenye mwaka huu. Februari Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa, mahindi yamekauka, na sisi huku maghala yamejaa, NFRA, wakala wetu wa hifadhi ya chakula, wakakubaliana kuwauzia tani 650,000. Wapo waliolalamika eti tunauza chakula chetu, mi siwaelewi, mkulima wa Rukwa na Songwe amelia miaka na miaka bei mbovu, leo soko limekuja mlangoni na jirani anashiba, kuna shida gani? Ila umeme ndo umeniuma. Kwenu watu wamekaa gizani masaa mpaka zaidi ya 20 kwa siku, mwenye saluni, mwenye kuchomelea, mwenye kuku wa kisasa, wote wamekwama. Huku Aprili tuliambiwa mitambo mingine imezimwa kwa sababu umeme umezidi, na bwawa la umeme la Nyerere kule Rufiji uwezo wake kamili ni megawati 2,115. Kwenu kiu, kwetu maji yanamwagika, na katikati hakuna waya mkubwa wa kuupitisha! Laini ya kutoka Iringa kupita Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga mpaka mwisho huu wa 2024 bado inajengwa. Ingekuwa kila hotuba ya udugu inasimamisha nguzo moja, tungeshafika Lusaka zamani.

Basi salamu zangu nyingine ziende kwa madereva na matingo walioko kwenye foleni ya mpakani Tunduma sasa hivi, wa shaba, wa mbolea, wa magari ya Japan, wa kwenda Lubumbashi pia. Kituo cha pamoja cha mpakani walikizindua Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia Oktoba 2019 ili lori likaguliwe mara moja tu, na kweli kuna unafuu, lakini mwezi wa 12 kila mtu anaujua, mtandao ukigoma kidogo foleni inalala mpaka nje ya mji. Mtu anakula Krismasi chini ya lori, jiko la gesi pembeni, anapiga video call na wanae. Mungu awafikishe salama, na mabosi wa pande zote mbili mkiwa mezani tarehe 25 hebu mmoja wenu apige simu hapo boda aulize lini mzigo wa huyu unatoka.

Na nyie mashemeji wa Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka, mualiko uko palepale kama kila mwaka. Pilau ipo, mbuzi yupo, nyie leteni kapenta (dagaa wa Ziwa Tanganyika) za Mpulungu, msituletee za kwenye pakiti. Njooni mapema kabla jua halijawa kali, na vitambulisho msisahau, vijana wa getini sikukuu hizi hawana utani.