Chanzo cha joto la dunia kitafutwe pia katika jamii

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie taarifa mliyochapisha kuhusu mhadhiri anayechunguza visababishi vya kijamii vya mabadiliko ya tabianchi. Utafiti wa aina hii umechelewa mno kusikilizwa.

Tumezoea kuambiwa kwamba binadamu wote ni wachafuzi. Lakini hatuchafui kwa kiwango sawa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, mtafiti wa tabianchi Richard Heede alionyesha kuwa takriban asilimia 63 ya hewa ya ukaa na methani (gesi nyingine inayoongeza joto la dunia) ya viwandani iliyotolewa tangu 1751 hadi 2010 ilitokana na wazalishaji 90 tu wa mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji. Kumhubiria maskini apunguze matumizi, wakati hana cha kupunguza, ni kumwonea. Hata mkazi wa mjini asiye na basi la uhakika atanunua gari akipata uwezo, na hapo kosa ni la mipango na bajeti, wala si la tabia yake.

Napendekeza serikali ziwaingize wanasosholojia, yaani wataalamu wa masuala ya jamii, na wachumi katika kamati za tabianchi, wakae meza moja na wataalamu wa hali ya hewa tangu sera inapoanza kuandikwa.

Msomaji wenu