Springfield hawakutuibia Pirates

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja wa hapa Maine, Marekani, ameandika kwamba Portland Pirates, timu yetu ya hoki ya barafuni, iliibwa na watu wa Springfield, mji wa jimbo la Massachusetts, mwaka 2016. Uchungu wake naujua, hata mimi niliumia. Ila hilo neno kuiba limenikaa kooni. Kama ule ulikuwa wizi, basi sisi wa Portland tulikuwa tumekalia mali ya wizi tangu siku ya kwanza.

Pirates haikuzaliwa hapa. Ilikuwa Baltimore, ikiitwa Skipjacks, mpaka ilipofungashwa virago na kuletwa Portland mwaka 1993. Nafasi ilikuwepo kwa sababu mwaka mmoja kabla, timu yetu ya zamani, Maine Mariners, ilikuwa imehamishiwa Providence na kubadilishwa jina. Kabla yao Mariners wa kwanza, waliohamishiwa Utica mwaka 1987, walikuwa wametwaa Kombe la Calder mara tatu: 1978, 1979 na 1984. Hilo ndilo kombe la ubingwa wa AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada. Sisi tuliokulia kwenye soka hudhani bingwa wa huko chini atapanda daraja. Wapi! Kazi yake ni kuwapika wachezaji wa timu kubwa, na kwa miaka 23 Pirates iliwapikia Washington, Anaheim, Buffalo, Arizona, na mwisho Florida.

Lakini msimu ule wa kwanza, jamani. Kocha alikuwa Barry Trotz, ambaye baadaye, mwaka 2018, aliipa Washington Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL. Golini alisimama Olaf Kolzig, mzaliwa wa Johannesburg. Vijana wetu wa Kikongo na Kirundi wanaoniambia barafu si mambo ya Waafrika huwa nawatajia jina hilo, nao hunijibu kwamba wazazi wake ni Wajerumani. Sawa, lakini Johannesburg haijahamia Ulaya. Mwaka 1994 Kolzig alitangazwa mchezaji bora wa hatua ya mtoano, na Moncton Hawks wakalala kwa michezo minne dhidi ya miwili katika fainali. Portland ikawa bingwa mwaka wake wa kwanza. Hao Hawks nao, msimu ulipokwisha, wakavunjwa. Mwaka 1996 tulifika tena fainali, tukafungwa na Rochester katika mchezo wa saba, na hatukurudi huko tena.

Kwa maoni yangu timu ilianza kututoka mwaka 2013, wala si 2016. Wapigakura wa kaunti yetu ya Cumberland walikuwa wameidhinisha mkopo wa dola milioni 33 kukarabati ukumbi wa Portland, ambamo Pirates ilichezea. Kisha wenye timu na wasimamizi wa ukumbi wakagombana juu ya mkataba na mgawo wa mapato ya vyakula na vinywaji. Wakafikishana mahakamani, na msimu mzima wa 2013/14 Pirates ikachezea Lewiston, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa gari, usiku, kwenye theluji. Ukumbi wenyewe wa Lewiston una historia yake: ndimo Muhammad Ali alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza, tarehe 25 Mei 1965, miaka tisa kabla ya pambano lake na Foreman huko Kinshasa. Lakini Ali hakutosha kututoa nyumbani kila wiki. Mgogoro ukaisha, timu ikarudi mjini. Mazoea ya watu yalikuwa yamekatika.

Sasa tuje Springfield. Mwaka 2016 wenye timu ya NHL ya Arizona waliinunua Springfield Falcons na kuipeleka Tucson. Springfield wakabaki na ukumbi mtupu, wakatafuta timu inayouzwa, wakaikuta yetu. Ndiyo leo inaitwa Thunderbirds. Walifanya kile kile tulichofanya sisi mwaka 1993. Hebu fikiri mtu ainunue TP Mazembe leo na kuipeleka Kinshasa kesho, Lubumbashi pangekalika? Huku inawezekana kwa saini mbili, kwa kuwa ukumbi ni wa wananchi na timu ni ya mwenye hati. Hapo ndipo ningependa msomaji mwenzangu aelekeze hasira zake: tulikopa mamilioni kutengeneza nyumba bila kumfunga mpangaji akae.

Mwaka 2018 hoki ilirudi Portland, katika ECHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya AHL, na jina la zamani la Mariners likafufuliwa. Leseni ya timu hiyo ya kucheza ligi awali ilikuwa ya Alaska Aces wa Anchorage, timu iliyovunjwa mwaka 2017 kwa kuelemewa na gharama. Mimi huenda kuwatazama, na hupiga makofi kama wengine. Ila mpaka leo sijasoma kwenye kurasa zenu barua ya mtu wa Portland akiwapa pole watu wa Anchorage.

Msomaji wenu,
Portland, Maine