Mwanangu, mgumu naye anasikia baridi

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani Rombo. Hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, linalomsumbua kila ukungu ukishuka. Simu yako ya Jumapili imeninyima usingizi. Ulinieleza mengi ya duka hilo mnalokodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro, nikafurahi. Halafu ukasema, kama jambo dogo tu, kwamba bosi amewaagiza mabegi ya kulalia yaliyochakaa yawe ya wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, na mapya yabaki ya wageni, eti wagumu wamezoea baridi. Ukaendelea na habari za mshahara. Mimi nikabaki palepale.

Hakuna aliyezoea baridi ya kambi ya Barafu. Usimwamini anayekuambia hivyo, hata akiwa mgumu mwenyewe, maana atasema chochote asikose safari. Hata sisi tulipokuwa wapagazi tulisema. Hapo Moshi mnatoka jasho dukani, lakini kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua nyuzi kama 6, na kambi ya Barafu iko karibu mita 4,700. Piga hesabu, wewe ndiye uliyesomea uhasibu. Hapo sijataja upepo wala usiku. Habari ya vidole vyangu unaijua, sirudii.

Uliponisomea ile lebo ya begi yenye namba tatu za nyuzi joto nilijivuna, nikamwita mama yako aje asikie. Lakini mteja akikuuliza, usimpe namba ya chini kabisa. Hiyo ni ya kumwokoa mtu asife kwa saa chache, si ya kulala. Ya kulala ni ile ya juu, ya starehe, nayo ilipimwa begi likiwa jipya na kavu. Begi lililokodishwa msimu hadi msimu, likashindiliwa kwenye mfuko wake mpaka manyoya ya bata yakashikana mabonge, namba yake imeshakufa. Liinue uliangalie kwenye mwanga wa dirisha. Pale mwanga unapopenya ndipo ubavu wa mtu utakapoganda. Msiyafue kwa sabuni ya unga, inamaliza mafuta ya manyoya. Yasirudi rafu yakiwa na unyevu hata kidogo, na yakae yamening'inizwa, yasibanwe. Wakati wa mvua, anayepita njia ya Machame mpe lile la nyuzi za plastiki hata kama ni zito, kwa sababu manyoya yakilowa hayana msaada, na msitu wa siku ya kwanza haumhurumii mtu.

Zipu uifunge na kuifungua hadi mwisho, anayekodi mwenyewe akiona. Nimekuambia kwenye simu na nakuambia tena.

Najua jioni ya kuamkia safari ilivyo. Mgeni anataka gaita za kukinga miguu, mwingine anabadilisha fimbo, wa tatu koti limembana, mwongozaji anapiga honi nje, nawe umesimama tangu asubuhi. Mgumu yuko mlangoni, anangoja wote wamalize ndipo aingie achukue kilichobaki. Huyo wa mlangoni ndiye ninayemsemea. Mgeni ana kampuni, ana bima, ana hema lake na godoro. Mgumu amebeba kilo 20 za watu wengine, na begi lake la kulalia ni hilo utakalompa wewe.

Jambo la buti pia. Zile wanazoziacha wageni zinadanganya. Buti inaweza kukaa stoo miaka, juu inang'aa kama imetoka dukani leo, kumbe soli imeoza ndani kwa ndani. Ibonyeze kwa dole gumba pale katikati ya soli na ngozi. Ukiona inapasuka au inatoa unga, itupe, usiigundishe ukaitoa tena. Mtu anayejaribisha avae soksi nene, asimame pale kwenye ngazi akielekea chini. Kidole kikigusa mbele hapo, akiteremka kutoka Stella Point, kule juu ukingoni mwa kreta, kucha zitang'oka.

Ukikosa kabisa cha kumpa, usimpe kibovu ukanyamaza. Mwelekeze ofisi ya KPAP, ule mradi wa kuwasaidia wapagazi, hapohapo Moshi, wanawaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Bosi akinuna, anune. Lakini ongea naye kwa adabu, usimjibu mbele ya wateja. Ulimi wako umeurithi kwangu nami najua ulinifikisha wapi. Na kila kifaa kabla hakijatoka andika hali yake kwenye daftari, anayekodi asaini, ili zipu iliyoharibika kabla yako isikatwe kwenye mshahara wako.

Nilikukataza kazi za mlima, ukanijibu kwamba dukani si mlimani. Ni mlimani, mwanangu. Kinachotokea kule saa nane za usiku kimeanzia mezani kwako. Ile siku niliyokunyima nauli sikuwa na hasira na wewe, mama yako alishakueleza. Sasa nasikia waongozaji wanaulizia zamu yako kabla ya kuja, na jirani hapa anajua, na padri anajua. Nimewaambia.

Mama yako anauliza kama Desemba utakuja. Nimemwambia mwisho wa mwaka ndio wageni wanapojaa, hatakuona labda hadi Januari katikati, akakasirika na mimi, kana kwamba mlima ni wangu. Mpigie umweleze wewe. Mdogo wako anadaiwa mchango wa shule, si nyingi, kama mshahara umetoka. Usiende kununua koti lake soko la Memorial peke yako, utalipishwa bei ya mgeni; nenda na yule binti mnayefanya naye kazi. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Bati la jikoni bado linavuja, nitapanda mwenyewe, msinikataze.

Na hayo mabegi ya zamani, ungeyahesabu yote siku moja duka likiwa tupu, uyatenge yale yasiyofaa, ujue ni mangapi. Ukishajua idadi, niambie, nione cha kumwambia huyo bosi nikija.

Nimekutumia ndizi mshare kwenye basi la kesho asubuhi, gunia limefungwa kwa kamba ya bluu. Konda nimeshamlipa, asikudai tena.

Baba yako