Barua kwa vijana mnaoingia msitu wa Ngezi, Pemba

Wanangu wa vikundi vya kulinda popo, na nyinyi wanafunzi mnaovuka bahari kuja Pemba kuupima msitu,

Assalaam alaykum.

Nakuandikieni juu ya daftari. Hamu mnayo na miguu mnayo. Kinachokosekana ni hesabu ambayo mtu mwengine, miaka kumi mbele, ataweza kuirudia pahala pale pale kwa namna ile ile. Ngezi ni takriban hekta 1,440 tu, na kati yake na bara pana mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Mpapindi, mti wa jamii ya mnazi, ukitoweka hapa, hakuna msitu wa bara wa kutuletea mbegu: duniani kote, kiasili huota Pemba tu.

Popo wa Pemba ndio wanaohesabiwa vibaya zaidi. Waliwahi kuwindwa kwa bunduki hadi wakakaribia kwisha. Kisha vijiji, Kidike kikiwa kimojawapo, vikaanza kuwalinda, na idadi ikapanda. Tumeijua nafuu hiyo kwa kuhesabu, basi tusiivuruge kwa hesabu mbovu. Siku moja kabla, nendeni mchana mkaangalie kwa mbali miti wanayolala na pande wanazotokea. Siku yenyewe fikeni nusu saa kabla ya jua kuchwa. Kila upande wawekeni watu wawili: mmoja hatoi macho mbinguni na kidole chake kiko kwenye kihesabio, wa pili anaandika kila baada ya dakika tano. Simameni pale ambapo popo atapita mbele ya mbingu yenye mwanga. Akipita mbele ya majani hamtamwona. Anayeruka kisha akarudi mtini mtoeni kwenye hesabu, maana hapo ndipo hesabu inapovimba. Na makao yote yahesabiwe jioni moja. Popo huhama, ukihesabu huku Jumatatu na kule Alkhamisi, yule yule utamwandika mara mbili.

Msipige makofi wala kurusha mawe ili waruke. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, humbeba kifuani, na akishtuka mtoto huweza kuanguka. Aliyeanguka msimshike kwa mkono mtupu.

Sasa miti. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 huonekana rahisi, lakini kona zikipinda mtakuwa mmepima umbo jengine. Pimeni mshazari, yaani kutoka kona hadi kona ya mkabala: lazima uwe mita 28.3. Ukizidi au kupungua kwa zaidi ya sentimita 20, sogezeni kona, msisogeze hesabu. Kateni fimbo ya mita 1.3, isimamisheni kando ya shina, na hapo ndipo futi, yaani utepe wa kupimia, izunguke. Penye mteremko, fimbo ikae upande wa juu. Mti wenye mbavu za mizizi zilizopanda shinani pimeni sentimita 30 juu ya pale mbavu zinapoishia, na muandike urefu huo. Mmea uliotambaa juu ya shina msiukate. Pitisheni futi chini yake. Kisha pakeni mstari mwembamba wa rangi pale pale mlipopima. Najua kazi hii inachosha. Lakini mti wa kivulini huenda ukanenepa milimita chache tu kwa mwaka, na futi ikishuka kiganja kimoja kutoka alama ya zamani, kosa hilo humeza ukuaji wa miaka kadhaa. Andikeni pia kama namba ni mzunguko au kipenyo. Madaftari mangapi yameharibika kwa neno hilo moja!

Viwanja vyote visiwe kwenye miti mirefu karibu na barabara. Kwenye mchanga mweupe wa magharibi kuna vichaka vya Erica, jamaa ya mimea inayojulikana zaidi milimani, na hapa iko usawa wa bahari. Hicho nacho ni Ngezi.

Bundi mdogo wa Pemba mhesabuni kwa sauti, usiku usio na upepo. Msimwite mfululizo kwa kanda ya mlio wake. Atatoka kwake akufuateni, nanyi mumwandike mara tatu. Yumo hata kwenye mikarafuu, basi mashamba msiyaache.

Njia mnazofyeka zisizidi upana wa mabega. Msizi, mti mgeni unaovamia misitu, hupenda jua. Kule Usambara Mashariki uliingia pale miti ilipokatwa, ndege wakala matunda yake na kuusambaza. Mkikuta miche yake Ngezi, ng'oeni pamoja na mizizi ingali midogo, baada ya mvua, na muandike mmeng'oa wapi na mingapi.

Kabla ya yote hayo, pateni ruhusa ya Idara ya Misitu na muonaneni na sheha, mkuu wa shehia. Mkiambiwa pahala fulani haingiwi, msiingie.

Andikeni kwa penseli, wino huyeyuka mvuani. Jioni ile ile nakilini nakala tatu: moja ya Idara, moja ya kamati ya shehia, moja ya skuli iliyo karibu. Juu ya kila ukurasa pawe na tarehe, saa, hali ya hewa na jina la aliyeshika futi.