Neno lililotaka kumponza mzee wetu

Kibokoni, Mombasa
Jumapili jioni

Ndugu yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto. Ni maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijashika, hata kanzu kwenye kamba haitikisiki. Kwa hiyo ukiona jasho kwenye karatasi, nisamehe.

Umeniuliza maana ya "sluggish", eti mwanafunzi wako huko Tanga ameitafsiri "sluggish river" kuwa "mto mvivu" nawe hujui umpe alama au umnyime. Tena nasikia ulicheka ulipokuwa ukiniandikia, maana habari yangu na neno hilo imeshakufikia. Basi nikupe yote mwenyewe, uache kuokota vipande kwa watu.

Mwaka jana wakubwa wetu wa ng'ambo walitaka maelezo mafupi ya kila karani. Nikafika kwa mzee wetu wa nyaraka. Wamjua, yule wa kofia ya viua. Kazi yake ni kukagua karatasi kabla hazijaenda forodhani. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, naye huzipitia moja moja kwa ncha ya kalamu iliyofungwa, midomo ikicheza, na akifika mwisho hurudi mwanzo. Vijana humaliza faili tatu naye bado yuko kwenye moja. Lakini sijaona faili lake likirudishwa. Nilitaka kusema hivyo tu, kwamba huyu ni mtu wa taratibu. Nikafungua kakamusi kangu ka mfukoni, nikakuta "sluggish: -a polepole". Nikaona lina heshima ya kisomi kuliko "slow", nikaliandika.

Wiki haikuisha, jibu likaja: Mzee huyu anaumwa? Na kama haumwi, mbona bado tunamlipa?

Bakari, neno lile limebeba lawama. Mzizi wake ni "slug", ambalo zamani lilikuwa jina la mtu mvivu, mzembe. Yule koa asiye na nyumba mgongoni alibandikwa jina hilo baadaye sana, kwenye karne ya 18. Mimi miaka yote nilidhani mvivu ndiye aliyefananishwa na koa, kumbe koa ndiye aliyesingiziwa uvivu wa binadamu. Kwa hiyo mwanafunzi wako, bila kujua, amegusa mzizi wenyewe.

"Slow" hupima mwendo, basi. Kobe ni "slow" na hana kosa, ndivyo alivyoumbwa. "Sluggish" husema kitu kinakwenda chini ya uwezo wake, kana kwamba kuna kinachokishika miguu. Juzi nilipanda tuktuk kutoka Marikiti. Tulipoanza kulipanda daraja la Nyali, dereva akazungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, injini ikalia kama imechinjwa, na chombo hakisongi. Mtu wa mkokoteni akatupita, akatuangalia. Dereva akageuka akaniambia, "Leo haivuti, mzee wangu." Hiyo ndiyo "sluggish", na mafundi wetu wana neno lake zuri kuliko langu la kamusini.

Au njoo jikoni. Pilau ikishakaukiwa maji, mama watoto hupalia makaa juu ya kifuniko na kuuacha moto mdogo chini. Moto ule ni "slow", tena ndio unaosifiwa. Lakini makaa yaliyonyeshewa, yanayofuka moshi tu na sufuria haichemki, hayo ukiyaita "sluggish" hujakosea.

Mambo madogo usije ukayasahau darasani: saa iliyobaki nyuma dakika tano ni "slow", kamwe si "sluggish". Mgomo baridi ni "go-slow", na hapo "sluggish" haiwezi kushika nafasi ya "slow". Mtoto akiitwa "slow" ametukanwa akili. Akiitwa "sluggish" atafutiwe daktari. Watu wa magazeti hulipenda kwa uchumi na soko, mahali ambapo sisi twasema biashara imedorora, au mazungumzo yanasuasua.

Kinachonikera na kile kitabu changu ni ile "-a polepole". Hebu yatazame maneno yetu wenyewe. Polepole ni ndugu wa mpole na upole, na ndilo hilo hilo "pole" tunalompa aliyefiwa. Taratibu ni Kiarabu, asili yake ni kupanga mambo yakae sawa. Aste aste imevuka bahari kutoka kwa Waajemi na Wahindi, na nikiisikia hunijia mtu anayeshusha kabati la bibi arusi kwenye ngazi za nyumba za huku Mji wa Kale. Katika matatu hayo hakuna hata moja la kumlaumu mtu. Tukitaka kulaumu twatafuta kitenzi: anajikokota, anavuta miguu, anazorota. Au twamwita goigoi, na hilo ni tusi kamili.

Kwa hiyo "mto mvivu" mpe nusu alama. Mimi ningeandika "mto ulikuwa ukijikokota", na kama maji yenyewe ni ya tope na magugu, ningeiacha hivyo hivyo bila kuongeza kitu.

Nami niliandika barua ya pili kule ng'ambo. Mara hii nikatumia "careful" na "unhurried", nikaambatisha orodha ya faili zake za mwaka mzima. Wakanyamaza, na mzee bado yuko mezani pake. Mimi sikumwambia lolote, lakini vijana wa ofisini hawana siri. Siku hizi nikimpitia asubuhi huinua ile kalamu yake, haangalii juu, na kusema, "Karibu, mwenye Kiingereza chake."

Wasalimu nyumbani, na huyo mwanafunzi pia.

Wako,
Athumani